Aliyepona Usimpite Mlangoni

Aliyepona usimpite mlangoni. Mlimsikia shangazi yenu akimwambia nesi maneno hayo jana, mkatazamana, kwa maana mgonjwa ndiye wa kutembelewa. Mzima ana haja gani? Mmeuliza vizuri. Maneno hayo yana mwenyewe, na mimi nilimjua. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kijijini aliishi mfinyanzi mmoja, Tusekile. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi, ukivigonga vinalia. Akaugua ukoma. Wanunuzi wakamkimbia, na kisimani akaambiwa awe wa mwisho kuteka maji. Kwa miaka miwili Ambakisye, bwana afya wa ukoma, alimjia kila mwezi kwa baiskeli. Alimletea vidonge, kisha alimpima miguu kwa unyoya wa kuku, mama amefumba macho.

"Nimekugusa wapi?"

"Hujanigusa bado."

"Nimekugusa kisigino, mama."

"Basi una mkono wa mwizi."

Wakacheka. Wakawa mama na mwana.

Dawa zikaisha. Ambakisye akamwambia kwamba ugonjwa umekwisha na hamwambukizi mtu, ila ganzi ya nyayo itabaki. Kwa hiyo kila jioni ajitazame miguu, ailoweke majini, aipake mafuta. Kisha akalifuta jina lake katika daftari la wanaotibiwa.

Tusekile akamshika mkono. "Mwanangu, nina ombi. Usisimame tena hapa. Baiskeli yako ikionekana mlangoni, watu watasema maradhi yamerudi, na vyungu vyangu nitamuuzia nani?"

Ambakisye aliona mama ana haki. Tangu hapo, akipita alipiga kengele tu, na mama akajibu kutoka ndani, "Tupo." Miezi minane ikaenda hivyo. Wanunuzi wakarudi. Lile beseni la kulowekea miguu Tusekile akalificha, na kujitazama miguu akaacha, kwa kuwa nalo lilikuwa linamsema kama baiskeli.

Sasa, mnajua udongo wa vyungu hukanyagwa kwa miguu mitupu, na ili chungu kisipasuke motoni, udongo huchanganywa na vigae vilivyotwangwa. Kigae kimoja hakikutwangika.

Siku moja ya kiangazi Ambakisye alipiga kengele, akajibiwa "Tupo," akawa anaendelea na safari. Mara akaona vifaranga wamesongamana njiani wakidonoa alama za miguu zilizoingia kwa Tusekile. Kila alama ya mguu wa kushoto ilikuwa kavu. Ya kulia ilikuwa na unyevu. Akashuka.

"Pita, mwanangu," Tusekile alisema mlangoni. "Tulipatana."

"Nionyeshe mguu wa kulia."

"Ni udongo huo."

"Udongo haunuki hivi, mama."

"Majirani wanatazama."

"Waache watazame. Mguu ukikatwa watautazama pia."

Tusekile akakaa chini. Kigae kilikuwa kimezama kisiginoni, kidonda kimekula nyama majuma matatu, na mwenyewe hakusikia kitu. Ambakisye akakitoa kigae, akamwosha, akamfunga kitambaa safi. Hakunyanyua uso.

"Nilifuta jina lako daftarini," akasema, "nikadhani nimefuta na ganzi."

"Mimi ndiye niliyekufukuza."

"Nami nikafukuzika upesi. Ilikuwa njia ya mkato."

Akamwambia asiukanyagie mguu ule kwa wiki nane, la sivyo mguu utakatwa.

"Na udongo wangu nani ataukanyaga? Wewe?"

"Mimi."

Mama alidhani ni mzaha. Kesho yake Ambakisye akaja, akaegesha baiskeli pale pale mlangoni, akakunja suruali ya kazi, akaingia udongoni. Kila siku ya zamu yake ya kupita huku alifanya hivyo. Tusekile alikaa kwenye kigoda, mguu juu ya kinu kilicholazwa, akimfokea.

"Cheza, usitembee kama unakwenda ofisini. Mama yako alikufunza nini?"

"Alinifunza kusoma."

"Hasara."

Watu wakaja kucheka. Waliokuja kucheka wakauliza habari za mguu, na Ambakisye, matope magotini, akawaeleza wote: ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni mguu usiojua kulia. Hakuna aliyekimbia. Vyungu vya msimu ule vilikuwa vizito kama mawe, navyo vilinunuliwa vyote. Mimi ninacho kimoja mpaka leo, na kinavuja.

Mguu ukapona. Beseni likatoka mafichoni, likawa linakaa uani mbele ya watu.

Miaka mitatu baadaye Ambakisye alihamishwa. Siku ya kukabidhi kazi alimpitisha bwana afya mpya njia zote. Walipofika kwa Tusekile, yule mgeni akafungua daftari, akatafuta jina, akalifunga.

"Huyu alishapona. Twende kwa wagonjwa."

Tusekile alitoka, akasimama mbele ya gurudumu, akaishika mikono ya baiskeli kwa viganja vyenye udongo.

"Mwanangu," akasema, "wagonjwa watakuita wenyewe, kwa sababu wanaumwa. Mimi siumwi popote, hata kigae kikiniingia. Aliyepona usimpite mlangoni."