Korongo Tulilowaficha Wageni

Sogeeni karibu nisipaze sauti, maana kisa hiki kinanitia aibu. Hakina sungura wala fisi. Kina watu watatu wa kijiji chetu cha Vuruya, huku milimani Upare, na kila mmoja amejaliwa kipaji chake.

Eliamani ni fundi wa mawe. Akilipanga jiwe, utadhani limeota pale. Nakijwa anapika makande ambayo mgeni akionja anasahau alikuwa anakwenda wapi. Mzee Kiondo ana ulimi. Akisimama mkutanoni, hata aliyekuja kubisha anajikuta anaitikia.

Mwaka huu, mwezi wa pili, tukaletewa taarifa kwamba watu wa mipango ya barabara wanakuja kukusanya maoni ya wananchi. Wanapanga barabara za mkoa mzima kwa miaka ishirini ijayo, na walitaka tuwaambie wenyewe tunateseka wapi. Mateso yetu yanajulikana. Ni korongo la Mshewa, linalokata njia ya kwenda hospitali. Mvua za mwaka jana mwenzetu Mbonea alishikwa na uchungu wa kuzaa, akabebwa kwa machela, wakakwama pale korongoni kusubiri maji yapungue. Mtoto akafia tumboni.

Sasa jamani, mtu mwenye akili zake angefanya nini? Si angewapeleka wageni korongoni moja kwa moja? Sisi tukaona haya. Kwetu mgeni akija unafagia uwanja, unaficha ndoo iliyotoboka, unatandika kitambaa kizuri. Na hawa tukawafanyia hivyohivyo.

Eliamani akaitisha msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima tukatoka na majembe. Siku tatu tulibeba mawe hadi korongoni, yeye akayapanga, tukamwaga udongo juu na kushindilia. Gari la wageni likapita pale bila dereva hata kupunguza mwendo.

Nakijwa akapika. Wageni waliposhuka walitaka kwanza watembee waione njia. Yeye akasema haiwezekani waanze kuzunguka na njaa, akawaketisha, akawaongezea sahani ya pili, mpaka muda wa kutembea ukaisha. Na Mbonea, aliyekuwa amekuja na la kusema, Nakijwa alimshika mkono akampeleka jikoni akakoroge chungu, eti asije akalia mbele za watu.

Aliyejibu ni Mzee Kiondo. Mama mmoja kati ya wageni, mwenye daftari, aliuliza mvua zikinyesha tunapitaje. Mzee akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Tunapita vizuri tu, mama. Msiwe na wasiwasi." Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikapiga mpaka viganja vikawasha. Mbonea alitusikia kutoka jikoni.

Mwezi uliofuata masika yakaanza, na mawe yote ya Eliamani yakaenda na maji. Kisha ikaja rasimu ya mpango. Vijiji vilivyosema njia zao zinakatika vitajengewa madaraja kabla ya mvua za vuli. Vuruya imeandikwa kwamba inapitika majira yote, kwa hiyo itafikiriwa mwaka wa kumi na tisa. Chini pameandikwa kwamba wenye pingamizi wafike Alhamisi, na kwa kila kijiji atasikilizwa mtu mmoja tu.

Tukaenda kwa Mbonea, vichwa chini. Ni mjamzito tena, na atajifungua wakati wa vuli. Tukamwomba aende yeye, maana yeyote atakayemsikia atamwamini. Alitutazama mmoja mmoja mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

"Sitaenda," akasema. "Siku ile nilikuja na maneno yangu, mkanipa mwiko. Aende aliyewadanganya wale watu."

Ndipo wale watatu wakaanza kutupiana lawama. Eliamani akasema yeye alipanga mawe tu, aliyetamka uongo ni mzee. Mzee Kiondo akasema siku ile aliulizwa juu ya njia ambayo kila mtu aliiona imenyooka, na bila mawe yale asingethubutu kufungua mdomo. Nakijwa akasema hakubeba jiwe wala hakutamka neno, yeye alilisha watu. Aliyasema hayo bila kumtazama Mbonea.

Kweli kabisa, kama mmoja wao angekosekana, wageni wangeliona korongo. Eliamani akienda, ataweza kueleza jinsi alivyolifukia, ila hajawahi kusema mbele ya watu maneno matatu yakafuatana. Nakijwa wageni wanamkumbuka kwa mema, ila itambidi aseme alimfanyia nini Mbonea. Mzee Kiondo anajua kusihi, lakini nani atauamini ulimi ule mara ya pili?

Alhamisi ni keshokutwa. Asiniambie mtu waende wote watatu, nafasi ni moja. Na msidhani nawauliza kwa sababu mimi ni msafi. Tangu jana natafuta jina la kumtaja, na kila ninalolitaja ni la mtu mwingine.

Je, wewe ungemtuma nani akasimame? Na hao utakaowaacha nyumbani, wakikutana na Mbonea njiani, watamwambia nini?