Dhamana ya Darubini za Bunduki

Mpaka leo hakuna ajuaye darubini kumi za bunduki zilifikaje dukani kwa tajiri Lukwaro. Alimwita Nambiza, fundi viatu aliyepanga kibanda chake.

“Kesho zivushe mpaka. Ukikataa, hama.”

“Bila kibali, bosi? Si nitafungwa?”

“Utafungwa wewe. Mimi nani ananijua?”

Nambiza akacheka. “Haya. Ila nasikia mnunuzi wako wa ng'ambo anataka dhamana ya maandishi. Anasema mali yako feki.”

“Feki? Mshenzi huyo!” Lukwaro akaandika kwa hasira kwamba darubini zote kumi ni zake, na atazibadilisha zikiharibika. Akasaini, akagonga muhuri wa duka.

Nambiza akaenda moja kwa moja forodhani, akaweka mzigo na karatasi mezani.

Hakimu aliamua kifungo cha miaka miwili. Aliyekitumikia ni Lukwaro.