Msumari wa Kumi

Mkereza mmoja alikuwa na miimo miwili, nguzo za kando za mlango wa gereza. Jina lake lilikuwa Nkwabi. Kazi yake ilikuwa kufunga kipande cha mti kwenye mashine, kukizungusha kwa kasi, na kukigusa kwa patasi mpaka kilichokuwa na pembe kiwe mviringo. Alikereza matendegu ya vitanda, miguu ya meza na bakuli. Miti mipya hakuitaka. Alisema mti uliokatwa juzi bado haujaamua utakaa vipi, lakini mti uliobeba paa au mlango kwa miaka sitini umekwisha kupinda kadiri ya kupinda kwake, na fundi anajua ameshika nini. Basi gereza la zamani la mji ule lilipobomolewa, wengine walichukua mabati na matofali, yeye akaomba mlango wa chumba cha tatu. Mbao zake zilikuwa zimeoza. Miimo ilikuwa mninga mtupu.

Katika mji huo alikuwapo mjane aitwaye Nyamizi, na binti yake Kabula alikuwa ameposwa. Mama alitaka kumpa mwanawe kitanda ambacho hata wajukuu watakilalia. Aliiona miimo ile imeegemezwa ukutani, akaikwangua rangi kwa ukucha, akaona wekundu wa mti, akaagiza matendegu manne. Majirani walimwambia mti wa gereza una nuksi.

"Mti haukumfunga mtu," Nyamizi aliwajibu. "Watu ndio waliofunga watu."

Harusi ilikuwa imebakiza majuma mawili.

Nkwabi alikata kila mwimo vipande vitatu. Kimoja cha chini kilikuwa kimeliwa na mchwa. Vikabaki vitano, akafurahi, maana alikuwa na kimoja cha akiba. Alikifunga cha kwanza, akawasha mashine, akaweka patasi. Mti ulikubali. Maranda yalitoka marefu, yakamwangukia miguuni. Kisha patasi ikagonga chuma. Ncha yake iliruka, kipande kikapasuka juu hadi chini, na kibanzi kimoja kikamchana Nkwabi juu ya jicho. Ndani ya mti mlikuwa na msumari uliokatwa kichwa, ukapakwa rangi, na rangi ikapakwa tena juu yake.

Alipokwisha kufungwa kidonda alirudi, akavitazama vile vinne vilivyobaki. Sasa hapakuwa na akiba. Alipitisha sumaku, nayo ilivuta hapa na pale, lakini misumari iliyozama sana haikuitika. Angeweza kuchimba kila mahali, ila tendegu lililochimbwa kila mahali halibebi mtu. Siku tatu mashine haikuwashwa. Nkwabi hakuwa na shaka na mti, wala na mkono wake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kilichomo ndani.

Siku ya nne akaja Lushinge kuchukua maranda. Huyu alikuwa mfyatua matofali, akiishi nje ya mji, na maranda yalimfaa kuwashia tanuri. Watu hawakumsalimu. Miaka mingi nyuma shamba lake lilipakana na shamba la Nyamizi, wakagombania mpaka, na mavuno yalipokwisha ghala la Nyamizi likateketea na mtama wote wa mwaka. Lushinge alifungwa miaka sita. Mbele ya hakimu alisema hakuwasha moto, na kwamba hata kama yupo aliyeuwasha, mwanamke yule alijitakia, kwa kuwa aliyahamisha mawe ya mpaka. Maneno ya kwanza hayakuaminiwa. Ya pili yaliaminiwa na wengi, na tangu siku ile wapo waliomtazama mjane kama mtu anayekula shamba la mwenzake.

Lushinge alipoviona vipande vinne sakafuni, aliweka gunia chini.

"Fundi, hiki ni chumba cha tatu," alisema.

"Umejuaje?"

"Nilikitazama miaka sita. Hapakuwa na kingine cha kutazama."

Nkwabi akamweleza shida yake, akamwomba amwonyeshe misumari ilipo. Lushinge alivipanga vipande sakafuni kama vilivyokaa zamani, akiacha pengo kila palipokosekana kipande, kisha akajilaza kando yake na kupima kwa mwili wake: gotini, kiunoni, begani. Alitia alama kwa chaki, na kila msumari ulikuwa na habari yake. "Huu aliupigilia askari mmoja atundike taa, na mwanga wake ulinichoma macho mwaka mzima. Huu waliupigilia bawaba ilipolegea, na lawama nikapewa mimi. Huu ulikuwa wa kutundikia fimbo." Alieleza bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe. Nkwabi alichimba kidogo chini ya kila alama, akatia koleo, akavuta. Hakuna alama iliyokuwa ya uongo. Ilitoka misumari tisa.

"Imekwisha?" Nkwabi aliuliza.

"Imekwisha," Lushinge alisema, akaanza kujaza gunia lake.

Nkwabi alichukua kipande kilichokaa karibu na komeo, akakifunga kwenye mashine. Wakati huo Nyamizi akaingia kuangalia kazi imefika wapi. Alipomwona Lushinge, mama alisimama. Alisogea pembeni ya mlango ili yule mtu apite bila kumgusa, na njia ilikuwa wazi. Lushinge alikuwa ameshalibeba gunia begani, lakini hakupita. Alikitazama kipande kilicho kwenye mashine, akakitazama na kitambaa kilichofungwa juu ya jicho la Nkwabi. Mkono wa fundi ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Usiwashe," Lushinge alisema. "Uko wa kumi. Niliuweka mimi."

Akaeleza, na safari hii maneno yalitoka moja moja. Mwaka wa kwanza wa kifungo aling'oa msumari kwenye benchi, akawa anachokoa mti kuzunguka komeo apate kutoroka. Msumari ulimkatikia ndani. Aliziba tundu kwa ugali uliochanganywa na masizi, na hakuna askari aliyewahi kujua. Ulikuwa shibiri moja chini ya alama iliyoachwa na komeo, katikati kabisa, pale patasi itakapoingia zaidi.

Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na moto?"

Lushinge aliteremsha gunia.

"Moto niliuwasha mimi, Mama Kabula. Na mawe hayakusogea. Nilisema yamesogea ili nisibaki na ubaya peke yangu."

"Hayo utayasema mbele ya watu."

"Nitayasema."

Mama hakulia, wala hakumwambia yamekwisha. Alikwenda kwenye mashine, akakishika kile kipande kwa mikono miwili kisicheze, naye Nkwabi akachimba. Msumari ulitoka mweusi, mrefu kama kidole, na kutu yake ilikuwa imeula mti pande zote. Nkwabi alilisafisha tundu mpaka akafikia mti mzima, akachonga kijiti cha mninga uleule, akakipigilia humo kwa gundi. Alipowasha mashine, kipande kilizunguka bila mlio, na patasi ikapita juu hadi chini.

Jumamosi iliyofuata wakazi walikusanywa kwa mambo ya maji. Lushinge aliomba nafasi, akasimama, akayataja mawe ya mpaka moja baada ya jingine, lilipokuwa na lilipo, na kwamba ni palepale. Akasema na habari ya moto. Wengine walimcheka. Wengine walikasirika kama vile ghala limeungua asubuhi ile. Lakini jioni yake wanawake wawili ambao kwa miaka mingi hawakukanyaga kwa Nyamizi walikwenda kumsaidia kupepeta mchele wa harusi, nao walipofika hawakujua waanzie wapi, akawapa ungo.

Kitanda kilikamilika siku mbili kabla ya harusi. Nyamizi alikalia kila pembe yake, hakikulia. Siku ya kukipeleka aliita watu wanne wa kukibeba. Watatu walikuwa jamaa zake. Wa nne alikuwa Lushinge. Hakumwita ndugu. Alimwambia ashike upande wa kichwani, kwa sababu ndio mzito, naye akaushika mpaka nyumbani kwa Kabula bila kuomba kupokewa.

Nanyi mlioketi hapa mnaifahamu vema misumari tisa mliyopigiliwa na wengine. Mnayajua majina ya walioipigilia na mwaka ilipoingia, na mnaionyesha hata bila kuulizwa. Fundi ameweka mkono kwenye swichi, naye anangoja. Wa kumi uko wapi?