Mshokishoki wa Bi Sange

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyua zao, kuni zao na kelele zao kama sisi, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Kijinyama cha kujaa kiganjani, pua ndefu kama mrija, miguu haitulii: tu-tu-tu-tu! Tulieni basi, sisemi mara mbili.

Bi Sange alikuwa na mkono wa kuotesha. Siku moja ndege wa ng'ambo alimdondoshea mbegu tatu za shokishoki, lile tunda jekundu lenye manyoya, ambalo pande zile hakuna aliyelijua. Akazipanda uani siku ileile, zikiwa mbichi. Miaka sita akamwagilia kwa kifuu. Ikakua miti mitatu, lakini mti wa mbegu ni bahati: miwili ikawa dume, maua tele, tunda hakuna. Mmoja tu ndio uliozaa, ule mwembamba wa kando ya jiko. Matunda manne! Watoto wakayala, wakameza na mbegu, maganda wakatupa jaani.

Maganda yakaleta balaa. Ndovu aliyaona.

"Wee Sange!" akanguruma juu ya ua, na Nyati shemeji yake ubavuni. "Kesho asubuhi nakuja kung'oa mti, nikaupande kwangu. Mmoja unanitosha. Utanionyesha unaozaa."

"Na ukitudanganya," Nyati akadakia, "tutaikalia nyumba yako."

Di! Di! Di! Wakaenda zao.

Bi Sange hakula siku ile. Aliuzunguka mti wake mwembamba mpaka akachora njia chini. Mbegu nyingine hana. Mti ukienda, umekwenda.

"Mwonyeshe dume mnene wa mlangoni," mumewe akamwambia. "Sema ndio huo, yaishe!"

"Baba watoto, mwiko unaujua. Anayedanganya juu ya mbegu, mkono wake unapoa. Hataotesha tena hata mchicha."

"Basi tumekwisha!"

"Hebu nikumbushe. Ndovu alituahidi nini mwaka wa ukame?"

"Atatuchimbia kisima. Akachimba, akanywa maji yote peke yake."

"Na mihogo ya jirani yetu Kobe?"

"Aliapa hajaikanyaga, na nyayo zake zimejaa shamba zima!"

Bi Sange akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, miguu yake ikatulia.

"Basi nitamwambia kweli."

"Mama wee! Una wazimu?"

Kulipokucha, majirani wakajaa uani. Ndovu akaingia na shemeji yake, ua ukalia kwaa!

"Haya! Upi?"

Bi Sange huyo, tu-tu-tu-tu. Akaenda moja kwa moja kando ya jiko.

"Ni huu, bwana mkubwa. Huu ndio uliozaa. Ule mnene wa mlangoni ni dume, maua matupu. Chukua huu."

Mkonga ukanyooka, ukaunusa mti mwembamba. Ukauzunguka. Ukaubana. Bi Sange akafumba macho. Je, akiniamini?

"Shemeji," Ndovu akasema polepole, "mbona ananipa upesi hivi?"

"Hata mimi nashangaa. Ningekuwa yeye, ningesema vivyo hivyo, niufiche ule mzuri."

"Hata mimi! Na utazame huu, kama ufito wa kuezekea. Ule pale umenona, umefurika maua!"

"Nasema kweli, bwana mkubwa..."

"Nyamaza! Unadhani mimi mtoto?"

Mkonga ukauachia mti mwembamba. Ukaenda mlangoni. Ng'o! Dume mnene ukatoka na mizizi na udongo wake, nao wakaenda wakicheka, kwa! kwa! kwa!

Bi Sange akaketi chini pu!

Mwaka ule mti wa kando ya jiko ukazaa kikapu kizima. Kwa Ndovu yakachanua maua, yakapukutika. Mwaka wa pili, yakapukutika. Mwaka wa tatu akaja mbio, masikio yakipepea, Nyati nyuma yake.

"Mwongo mkubwa wewe! Umenipa dume!"

"Nilikwambiaje, bwana mkubwa?"

"Uliniambia... ulisema..."

"Alisema ni dume," Kobe akaitikia kutoka uani. "Tulisikia wote. Wewe ukamwambia anyamaze."

Mkonga ukaning'inia. Bi Sange akamwonea huruma, akamenya mashokishoki matatu, akampa mbegu tatu.

"Chukua. Zipande leo hii, zikiwa mbichi. Ukizianika zitakufa."

Ndovu akamtazama Nyati. Nyati akamnong'oneza, nong'ono lililosikika mpaka barabarani: "Anataka zituozee ardhini. Twende tukazianike!"

Wakazianika juani siku saba, zikakauka ko! ko! kama kokoto, ndipo wakazipanda, na hadi leo wanazimwagilia.

Mwongo, hata ukimpa kweli mkononi, ataitupa.