Kwa Nini Kizito Hungoja Mikono Mingi

Zamani hizo, wajukuu zangu, milima ya Upare ikiwa bado mipya, uzito haukujulikana. Kibuyu kitupu na jiwe la kusagia vilikimbia sawasawa kwa msukumo mmoja wa kiganja. Raha iliyoje, mtasema. Ngojeni kwanza.

Kwa kuwa kila mtu aliweza kila kitu, hakuna aliyemwita mwenzake. Mtu alijenga peke yake, akahama peke yake. Mwanamke mmoja, Namkunda, alipofiwa na mumewe, alimsukuma mwenyewe kwa kiganja hadi kaburini. Majirani walimwona akipita, wakaendelea na palizi. Hawakuwa na roho mbaya, hawakuhitajika tu.

Upweke ukamla Namkunda. Alipika chakula cha watu wawili, akala cha nusu mtu. Kilichomtisha zaidi ni siku yake ya kufa, maana mtoto hakuwa naye. Nani angemzika? Jioni moja akamlilia Muumba: "Ee Baba, nipe kitu nisichokiweza."

Kesho yake alikwenda kuondoa jiwe lililoziba mfereji wake. Akasukuma, jiwe halikutikisika. Akamwita jirani yake, Mbonea, aliyekuja amenuna.

"Mama, jiwe hili nalo likushinde?"

"Hebu jaribu wewe, mwanangu."

Mbonea akasukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Wakasukuma wote wawili, likajikongoja kama mgonjwa. Mbonea akapuliza baragumu lake la kufukuzia nyani. Watu wakaja mmoja mmoja kushangaa, na kadiri mikono ilivyoongezeka, jiwe lilishika kasi upesi zaidi, mpaka likaporomoka bondeni na maji yakapita. Walicheka, wakanywa uji kwa Namkunda, kisha wakarudi makwao. Nyumba ikanyamaza tena, naye akalia.

Alipokufa, Mbonea ndiye aliyemkuta. Akaingiza mikono chini yake amtoe peke yake, kama ilivyokuwa desturi, akashindwa. Na alikuwa mwanamke mwembamba! Mbonea akatoka nje, akapuliza baragumu.

Na tangu siku hiyo kitu chepesi hukurupuka kwa mguso mmoja, na kizito hungoja mikono mingi. Kazi hiyo ya kuitana tunaiita msaragambo. Na hapa kwetu, hata aliyeishi bila mtu hapelekwi kaburini na mtu mmoja.