Nyumba Iliyoahidiwa Mara Tatu

Hapo zamani, kijiji cha Ilolo kilipokuwa hakijapata hata duka la chumvi, palikuwa na shule ya walimu wanne. Mwalimu mkuu, Bi. Twilumba, alilala stoo miaka sita, katikati ya majembe na maboksi ya chaki. Wanakijiji walipojenga nyumba ya mwalimu, alisema, "Mimi nimeshazoea. Apewe mwenzangu."

Siku ya kukabidhi, walipokutana darasani, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mahenge, alimpa Bi. Twilumba ufunguo. Hapo hapo walimu watatu wakasimama.

"Huo wangu," alisema Mwalimu Lwitiko. "Mwenyekiti aliniahidi nikifyatua matofali. Nimefyatua elfu tatu, kila jioni, mpaka mikono ikachubuka. Nikiukosa, kesho naondoka."

"Uwe wako kwa lipi?" alisema Mwalimu Atuganile. "Aliniahidi nikikataa uhamisho. Mjini waliniita, nikabaki na hisabati ya darasa la saba. Mtihani ni mwezi ujao. Watafundishwa na matofali yako? Nikiukosa, kesho naondoka."

Mwalimu Sekela alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Mimi aliniahidi siku niliyoripoti. Kila asubuhi navuka mto na huyu. Juzi maji yalinifika kiunoni, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Nikiukosa, kesho naondoka."

Bi. Twilumba alimgeukia mwenyekiti.

"Mzee, uliwaahidi wote?"

"Wote, Mwalimu Mkuu. Huyu afyatue, huyu asihame, huyu asirudi alikotoka siku ile ile aliyoripoti. Nisingeahidi, ungekuwa na shule wewe?"

"Nyumba yenyewe chumba kimoja!"

"Ndiyo maana ufunguo nimekupa wewe."

Bi. Twilumba akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kama anavyowafundisha watoto wanapotaka kupigana. Kumi ikafika, hasira ikabaki pale pale.

"Basi kaeni wote watatu," alisema.

"Na mke wangu nimweke wapi?" aliuliza Lwitiko. "Juu ya paa?"

Watoto waliojazana dirishani wakacheka. Wa darasa la saba hawakucheka. Walikuwa wakimtazama Mwalimu Atuganile. Mzee Mahenge akachukua kofia yake, akaaga, akasema ana kikao.

Bi. Twilumba akabaki na ufunguo mkononi, na walimu watatu mbele yake, kila mmoja ana haki, kila mmoja amefunga mizigo.

Nanyi mnaonisikiliza, msiwe wepesi wa kujibu kama mwenyekiti yule. Nyumba ni moja, na kesho ni kesho. Je, nani alistahili ufunguo?