Manjano ya Bi Mize

Ngozi hupakwa, jicho halipakwi. Ndivyo alivyosema jana yule mama sokoni alipokataa kabati lililopakwa vanishi, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Basi sikilizeni ilikotoka, maana haikutoka kwa seremala. Ilitoka chumbani kwa mzazi, huko Pangani, kwa mwanamke aliyeitwa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa hodari wa kulea wazazi. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akamfunga tumbo, akampikia uji wa pilipili manga na kumpaka manjano mwili mzima mpaka arobaini itimie. Manjano yake yalikuwa na sifa. Aliyasaga mwenyewe, akayachuja kwa kitambaa, akayachanganya na mafuta ya nazi, na hakuwa mtu wa kupaka nusu nusu.

Mkaza mwanawe, Raya, alipojifungua mtoto wa kiume, desturi ilitaka arobaini aikalie kwa mama yake mzazi, Bi Kazija. Lakini nyumba ya Bi Kazija ilikuwa imeezuliwa mabati kwa matengenezo, na Bi Mize alimchukua Raya kabla mafundi hawajashuka ngazi. Hilo Bi Kazija alilimeza, ila halikushuka.

Siku ya tatu mtoto akaanza kugeuka rangi, uso kwanza, kisha kifua. Raya akauliza kama si vyema kumrudisha hospitali.

"Kwa umanjano?" Bi Mize alisema. "Dawa ya moto ni moto, mwanangu. Nipe hicho kibakuli."

Akampaka mtoto manjano tangu utosini hadi nyayoni, asubuhi na jioni. Hoja yake aliiona timamu kabisa: manjano ya nje yatayavuta ya ndani. Ilikuwa na kasoro moja tu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kujua mtoto yule ana rangi gani. Asubuhi Bi Mize alimtazama akasema anapungua. Jioni akamtazama, akaona amezidi, kisha akakumbuka kuwa ndiyo kwanza amempaka. Mashuka yakawa ya manjano, chandarua kikawa cha manjano, na Kombo, baba wa mtoto, akaenda kuswali Ijumaa na alama ya kiganja cha manjano begani mwa kanzu. Wenzake wakamuuliza biriani ni ya harusi ya nani, na mbona hawakualikwa.

Mtoto mwenyewe hakumsumbua mtu. Alilala tu. Akipewa titi, alinyonya kidogo akalala tena.

"Ana adabu," Bi Mize aliwaambia wageni. "Kwetu watoto hawapigi kelele."

Lakini wageni walipoondoka alimtekenya nyayo, na mtoto hakukunja mguu. Hilo hakumwambia mtu.

Ndipo Bi Kazija alipokuja na bakuli la supu ya kuku. Akasalimu, akaketi, akamfunua mtoto.

"Mkwe, mbona mjukuu wangu ana rangi ya ndizi mbivu?"

"Ni manjano yangu hayo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi mwoshe tuone."

Akaoshwa. Maji ya kwanza yalikuwa kama mchuzi, ya pili kama chai ya rangi iliyopauka, ya tatu yakatoka safi. Mtoto akabaki vilevile.

"Umeona?" Bi Kazija alisema.

"Nimeona nini? Manjano mazuri hayatoki kwa kuoshwa. Tazama kiganja changu, nakisugua tangu asubuhi. Nami mgonjwa?"

Bi Kazija akatazama viganja vyake mwenyewe. Navyo vilikuwa vya manjano sasa. Hata sabuni ilikuwa ya manjano. Chumba kizima hakikuwa na shahidi.

"Mama," Raya akasema kutoka kitandani, na haikujulikana anamwita yupi, "tangu alfajiri hajanyonya."

Bi Kazija akainama. "Mkwe, nionyeshe mahali ambapo hukumpaka. Nyuma ya sikio?"

"Nilipaka."

"Kwapani?"

"Nilipaka. Kwani mimi mvivu? Nimeacha macho tu. Nani anampaka mtoto manjano machoni?"

Aliyasema hayo kwa fahari ya kazi yake, na kabla hajafunga mdomo akawa ameyasikia. Akamchukua mtoto hadi dirishani, akainua ukope kwa ncha ya kidole. Weupe haukuwepo. Jicho lilikuwa kama kiini cha yai.

Akamgeukia Bi Kazija, akamvuta ukope bila ruhusa. Jeupe.

"Na langu?"

Bi Kazija akatazama. "Jeupe. Ila kali."

Bi Mize aliujua ulimi wa mkwe wake. Alijua habari hii itafika sokoni kabla ya mtoto kufika hospitali, na sifa alizozijenga maisha yake yote zitageuka kichekesho. Akavaa buibui.

"Raya, jifunge kanga. Kombo, tafuta bajaji."

Hospitali, muuguzi alimgusa mtoto, kisha akakitazama kidole chake. "Amepakwa nini huyu?"

"Manjano."

"Anaumwa umanjano, mkampaka manjano?"

"Ndiyo," Bi Mize akasema, na hoja yake ikasikika vibaya kuliko ilivyosikika nyumbani.

Ngozi haikuwasaidia hata wao, wakapima damu. Mtoto akalazwa chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kitambaa, akawa ananyweshwa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa. Daktari hakupamba maneno. Watoto wengi hugeuka rangi kidogo siku za mwanzo na ikapita, lakini ikienea mpaka miguuni na mtoto akawa mzito wa kunyonya, sumu yake yaweza kuingia kwenye ubongo, na uharibifu wake hautengenezeki. Kupaka hakuitoi, na kumwanika juani si tiba ya kutegemea.

Bi Mize akamtazama mjukuu wake aliyekuwa samawati chini ya taa. "Nao wamempaka," akanong'ona.

"Wamepima kwanza, mkwe," Bi Kazija akajibu.

Kesho yake mtoto aliamka akalilia titi mpaka wodi nzima ikaamka naye. Bi Mize akafuta machozi, akalaumu dawa ya kusafishia sakafu.

Habari ilifika sokoni kweli. Bi Mize hakuikana. Aliendelea kuwapaka wazazi, lakini kichanga hakumpaka tena. Mtu akimwita amsifie mtoto ngozi, alimpeleka kwenye mwanga, akangoja afumbue macho, akauliza ananyonyaje.

"Siku hizi umekuwa daktari wa macho?" walimtania.

"Ngozi niliipaka mwenyewe," alijibu, "kisha nikaiuliza habari, ikanijibu nilichoipaka. Ngozi hupakwa, jicho halipakwi."